Mawe ya panya: mzunguko wa Mühlebach na Ernen

ZUHURA: Leo Kassim hana pa kukimbilia. Tunatembea.

KASSIM: Kutembea kwa mdomo nipo. Wasikilizaji, karibuni. Mimi niko Tanga, joto limenikaa begani. Dada Zuhura yuko Bern, na Jumamosi alijipeleka milimani. Wapi huko, dada?

ZUHURA: Bonde la Goms, jimbo la Valais, kusini mwa Uswisi. Ndiko mto Rhone unakoanzia, ila wenyeji wanauita Rotten. Nilipanda treni nyekundu mpaka kituo cha Fürgangen, nikatoka, na hapo hapo daraja.

KASSIM: Daraja gani?

ZUHURA: La kuning'inia, la waenda kwa miguu. Lilifunguliwa 2015. Urefu wake mita 280, na kutoka ulipo mpaka mtoni chini ni mita 92.

KASSIM: Halafu ulituahidi njia nyepesi!

ZUHURA: Nyepesi, mdogo wangu. Daraja lina kingo, watoto wanakimbia juu yake. Mimi nilipita nikiwa nimekazia macho mgongo wa bibi mmoja mwenye fimbo mbili. Alivyosimama katikati kupiga picha, nikasimama naye, nikajifanya natazama mandhari.

KASSIM: Ukifika ng'ambo?

ZUHURA: Ng'ambo ni Mühlebach. Unajua, mimi nilitarajia zile nyumba za kwenye kalenda, maua dirishani. Maua yapo, lakini nyumba zenyewe ni nyeusi. Nyeusi kama mkaa.

KASSIM: Zimeungua?

ZUHURA: Jua. Wanajenga kwa mti wanaouita Lärche, ndugu wa msonobari, ila huu unapukutisha majani kila mwaka. Majira ya baridi yakikaribia msitu mzima unageuka rangi ya dhahabu. Mbao yake imejaa utomvu, hailiwi ovyo na wadudu wala mvua, na jua la miaka linaipaka ule weusi. Mühlebach zipo nyumba za magogo zilizosimama tangu mwishoni mwa karne ya 14. Watu bado wanalala ndani, nguo zimeanikwa.

KASSIM: Karne ya 14! Huku kwetu tungekuwa tunazungumzia magofu ya Tongoni.

ZUHURA: Na Tongoni ni matumbawe na chokaa. Hii ni mbao. Magogo yanaumana kwenye pembe, hayakupigiliwa. Ila chumba cha jiko, nyuma, wanajenga kwa mawe. Unajua kwa nini.

KASSIM: Moto. Hata bibi yangu jiko lake lilikuwa banda la peke yake, uani.

ZUHURA: Sasa kilichonikalisha chini ni maghala. Yanaitwa Stadel. Kibanda cha magogo kimeinuliwa juu ya miguu mifupi, na juu ya kila mguu wameweka bapa la jiwe, duara, pana kama sinia la pilau. Ghala limekalia masinia.

KASSIM: Subiri. Panya!

ZUHURA: Panya anapanda mguu vizuri tu, akifika kwenye sinia inambidi atembee kichwa chini miguu juu. Hawezi, anaanguka. Nafaka ya mwaka mzima inalindwa na jiwe.

KASSIM: Mbona hiyo naijua! Vihenge vya bara, vingine wanafunga bati kwenye nguzo, limegeuzwa kama faneli. Akili ile ile.

ZUHURA: Ile ile. Tena kuna ghala unakuta lina milango miwili, mitatu. Nikadhani mapambo. Kumbe ni mirathi. Baba akifa, ghala wanagawana: huyu robo, yule nusu, kila mmoja na mlango na kufuli yake. Hata nyumba, ndugu mmoja ghorofa ya chini, mwingine ya juu.

KASSIM: Aisee, kama minazi ya marehemu babu. Mti mmoja, wenye nao saba.

ZUHURA: Na hawasalimiani!

KASSIM: Hao wa kwetu. Wa Mühlebach usiwasingizie. Njia yenyewe sasa, mtu hapotei?

ZUHURA: Labda umedhamiria. Kuna vibao vya njano kila njia panda. Ukiona njano tupu, ni njia ya kila mtu. Ukiona ncha yenye mistari nyeupe, nyekundu, nyeupe, hiyo ni ya mlimani, inataka viatu vya kazi. Na vibao havikuandikii kilomita, vinakuandikia muda. Ernen, dakika kadhaa.

KASSIM: Huo ndio ustaarabu. Lushoto ukimuuliza mzee, "Babu, Irente mbali?" anakwambia "hapo tu," anasonta kwa mdomo. Unatembea mpaka viatu vinakuaga.

ZUHURA: Ila muda wao ni wa mtu asiyesimama. Mimi nilizidisha mara mbili. Kila ghala nainama nachungulia miguu yake. Mwenye ghala mmoja akatoka, akanitazama, nikamwambia "Grüezi," salamu ya Kijerumani cha Uswisi. Akacheka, akanijibu kwa lahaja yao, sikuambulia neno. Nina miaka tisa huku.

KASSIM: Pole, dada.

ZUHURA: Ernen ni mwendo mfupi tu, iko kama mita 1,200 juu ya bahari. Hiki zamani kilikuwa kijiji chenye mamlaka, kesi zilisikilizwa hapo. Uwanja wake umezungukwa na majumba makubwa ya magogo na jumba la baraza. Nyumba moja ukutani ina michoro ya Wilhelm Tell, yule shujaa wa hadithi za Uswisi aliyelenga kwa mshale tofaa lililowekwa kichwani mwa mwanawe, ya miaka ya 1570. Mwaka 1979 kijiji kilipewa tuzo ya Wakker kwa kutunza majengo yake. Halafu nje kidogo, kilimani, nguzo tatu za mawe zimesimama peke yake.

KASSIM: Za nini?

ZUHURA: Za kunyongea watu.

KASSIM: Lo. Na njia inapita hapo?

ZUHURA: Unaziona. Mandhari ya hapo ni mazuri kuliko yote, hilo ndilo lililonikera.

KASSIM: Na hicho Mühlebach kijiji kidogo, kimewahi kutoa mtu?

ZUHURA: Matthäus Schiner. Alizaliwa hapo, akawa kardinali mwaka 1511, akaongoza majeshi, na alikuwa miongoni mwa waliotajwa kwa upapa kabla hajafariki Roma mwaka 1522. Kutoka kwenye nyumba nyeusi ya magogo.

KASSIM: Kurudi je?

ZUHURA: Unapita katikati ya msitu juu ya kijiji, kivuli tupu, chini sindano za miti zimetandika kama mkeka. Kupanda kupo, lakini hata mwenye kitambi anapanda akiongea. Mimi nilikuwa na mkate wa rai, nafaka ya nchi za baridi, ndugu wa ngano. Ndio mkate wa Valais, mweusi, mzito. Zamani walioka kwenye tanuri la kijiji mara chache tu kwa mwaka, mkate unakaa miezi.

KASSIM: Miezi? Unautafunaje?

ZUHURA: Walikuwa wanaukata kwa kisu maalumu cha bawaba. Wangu ulikuwa wa siku hiyo, hata hivyo taya liliuma. Nikaumalizia juu ya daraja.

KASSIM: Juu ya daraja?

ZUHURA: Mara ya pili sikumtafuta bibi.