Jigi ya Morrison si ya Morrison

Habari za jioni. Walio nyuma sogeeni mbele tafadhali, fidla yangu haina kipaza sauti.

Kabla ya historia, semeni nami: nanasi, papai, nanasi, papai. Haraka zaidi, msivute pumzi katikati. Mmesikia? Kwa kuwa Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, ile "na" ya kwanza inabaki nje kama mtu aliyesimama mlangoni, halafu zinakuja tatu tatu: NA-si-pa, PA-i-na. Huo ndio mwendo wa jigi, muziki wa dansi wa Ayalandi: mapigo mawili katika kila kipimo na kila pigo lina noti tatu. Kule Ayalandi watoto hufundishwa mwendo huu kwa kutaja nyama ya nguruwe na soseji. Sisi tutabaki na matunda.

Jigi ya leo inaitwa "Morrison's Jig". (Anapiga mzunguko mmoja.)

Nusu dakika tu, imekwisha. Sehemu ya kwanza ina vipimo 8 na hurudiwa, ya pili ina 16. Sasa, huyu Morrison ni nani?

James Morrison alizaliwa mwaka 1893 Drumfin, Kaunti ya Sligo, magharibi mwa Ayalandi. Alikuwa mpiga fidla, mchezaji dansi na mwalimu wa lugha ya Kiayalandi. Mwaka 1915 akahamia Marekani, akaishia New York, na mwaka 1921 akaanza kurekodi santuri. Hiyo ni miaka saba kabla ya Siti binti Saad kupanda meli kwenda Bombay kwa shughuli hiyohiyo. Watu walimwita Profesa, kwa sababu alifundisha sana. Jigi hii aliirekodi mwaka 1936 kwa kampuni ya Columbia.

Lakini kwenye lebo ya santuri hakuna jina lake kama jina la jigi. Pameandikwa "Maurice Carmody's Favorite", yaani kipenzi cha Maurice Carmody. Katika bendi ya Morrison alikuwamo mpiga kodiani wa Kaunti ya Kerry, Tom Carmody, na Maurice alikuwa baba yake. Husimuliwa kwamba Tom alimpigia Morrison jigi hiyo usiku wa kuamkia siku ya kurekodi, Profesa akaidaka hapohapo. Nyumbani kwa akina Carmody iliitwa "The Stick Across the Hob", fimbo iliyolazwa mekoni. Kwa hiyo baba wa Kerry anaipenda, mwana anaibeba kuvuka bahari, mtu wa Sligo anaipiga mbele ya mashine, na jina linalobaki ni la aliyesikika. Jina la mekoni mimi nalipenda zaidi, lakini ukilitaja kwenye baraza la wapiga fidla leo, wengi watakukodolea macho.

Ngoja niwaonyeshe mkono, maana hapa ndipo penye utamu. Sehemu ya kwanza inaanza kwenye noti ya E, kidole cha kwanza, uzi wa D. Noti kubwa inayofuata ni B, na B hiyo iko kwa kidole kilekile, uzi wa jirani. Kidole kinalala juu ya nyuzi mbili na upinde ndio unaohama. (Anapiga polepole.) Kidole hakijatoka mahali pake. Sehemu ya pili upinde unarudi tena na tena kwenye uzi mtupu wa juu, usioguswa na kidole, ambao unalia kila vidole vinapoachia, katikati ya B, F iliyopandishwa na A. Ndiyo maana mtu mmoja anasikika kama wawili.

Basi tuje kwenye matoleo. Ile E ya mwanzo ni ndefu, na noti ndefu kwa mpiga fidla wa Ayalandi ni kiwanja kitupu kinachosubiri nyumba. Mmoja atakizungusha: anagusa noti ya juu, anarudi, anagusa ya chini, anarudi, vyote ndani ya pigo moja. Mwingine atashuka na kupanda, E-D-E. Wa tatu ataruka, E-B-E. Mwenye kodiani ya vitufe ana shida yake, maana kitufe kimoja hutoa noti moja ukisukuma na nyingine ukivuta, hivyo pambo linalomjia kirahisi si lile la fidla. Jigi ilipotoka kwenye kodiani ya Carmody kuingia kwenye fidla ya Morrison ilibadili nguo usiku huohuo.

Mkuu wa polisi wa Chicago, Francis O'Neill, alitoa kitabu mwaka 1903 chenye nyimbo 1,850 zilizokusanywa hasa midomoni na vidoleni mwa wahamiaji. Kitabu humpa mpigaji mifupa, nyama ataweka mwenyewe. Santuri haikuwa hivyo. Ilirudi Ayalandi kwa meli, ikapigwa vijijini, na vijana wakaiga kila kipindo cha Sligo kama kilivyotoka New York. Ilihifadhi, sibishi. Ila naona pia ilifunika namna za wengine, waliokuwa na jigi zao bila kampuni ya kuzirekodi. Carmody alibahatika, jina la baba yake lilifika hadi kwenye lebo kabla halijaanguka.

Sasa nitapiga mara tatu mfululizo. Ya kwanza nitazungusha E kwa mtindo wa Sligo. Ya pili nitaruka E-B-E, bila pambo. Ya tatu sijaipanga. Mnaweza kugonga miguu, ila gongeni kwenye "na" ya pili na kwenye "pa" ya pili. Mkigonga kwenye ile ya mlangoni mtaniangusha.

(Anapiga.)