Tangi la Samaki la Lita 960: Plaiwudi, Kioo na Maji ya Lubumbashi

Wababa, wamama, ndugu mafundi, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma, asanteni kwa kuja.

Samaki wa mto Luapula na wa Ziwa Moero wanaingia mji huu wa Lubumbashi wakiwa wakavu, wa moshi, wa chumvi au wa barafu. Ndivyo ilivyokuwa tangu mji ukiitwa Elisabethville, wakati wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga walipokuwa wakileta samaki wa kulisha wafanyakazi wa migodi. Mtoto wa Katuba au wa Kamalondo anawajua samaki hao kwa ladha, lakini wengi hawajamwona hata mmoja akiogelea. Mimi nataka wawaone. Nataka waone dume akilinda shimo lake la mchanga, na jike akikusanya watoto wake mdomoni. Mambo hayo hayaonekani ndani ya bakuli. Yanahitaji tangi kubwa, na tangi kubwa linaweza kujengwa na maseremala wetu wenyewe.

Tangi la kioo kitupu la ukubwa huo ni ghali, ni zito, na safari ya barabarani inalihukumu. Lakini fikirini: ni nani anayetazama samaki kupitia ukuta wa nyuma, au kupitia sakafu? Tunatazama kwa mbele tu. Basi mbele tuweke kioo, kwingine kote tuweke mbao.

Tangi ninalolieleza lina urefu wa mita 2, upana wa sentimita 80, na kina cha maji cha sentimita 60. Zidisha, unapata lita 960. Maji peke yake ni kilo 960. Ongeza mchanga, mawe, mbao na kioo, umeshapita tani moja.

Hapa ndipo watu wanapoogopa kitu kisichostahili kuogopwa. Wanaogopa urefu. Kinachosukuma ukuta ni kina. Chini kabisa ya tangi hili, kila sentimita moja ya mraba inabeba gramu 60, liwe na urefu wa mita 2 au mita 20. Ukuta wote wa mbele unasukumwa kwa nguvu ya kama kilo 360. Sasa acha urefu ule ule, ongeza kina mara mbili, kiwe sentimita 120. Utadhani nguvu itakuwa kilo 720. Hapana, inafika kama kilo 1,440, yaani mara nne. Kwa hiyo amua kina kabla hujanunua hata skrubu moja. Ukitaka maji zaidi, panua tangi, usilipandishe juu. Urefu una shida yake moja tu: ukingo wa juu hupinda kwenda nje. Dawa yake ni ubao wa upana wa sentimita 10 unaozunguka ukingo wote, na mwingine unaokatiza katikati kutoka mbele hadi nyuma.

Mbao ni plaiwudi ya milimita 18, ile wauzaji wetu wanaiita multipleksi. Tripleksi, ile nyembamba ya dari, haifai kabisa. Usiamini muhuri uliopigwa juu yake; omba kipande, kichemshe kwenye sufuria saa kadhaa. Tabaka zikiachana, gundi yake haivumilii maji, mwachie muuzaji bidhaa yake. Viungo vipakwe gundi na vikazwe kwa skrubu kila sentimita 10 au 15. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Zile za rangi ya dhahabu zinaweza kuwa na shaba ndani yake, na nitaeleza hivi punde kwa nini shaba isikaribie maji haya.

Sasa shikeni jambo hili, maana ndilo linaloangusha matangi mengi. Kazi ya plaiwudi ni kubeba nguvu. Kuzuia maji si kazi yake, hata iwe bora namna gani. Kuzuia maji ni kazi ya rezini, dawa ya majimaji inayopakwa kisha ikawa ngumu. Fundi anayetegemea mbao nene zizuie maji ataona mbao zinavimba, na anayetegemea rezini ishike viungo vilivyolegea ataona rezini inapasuka. Kaza sanduku kwanza kana kwamba halitapakwa chochote. Kisha lipake kana kwamba mbao zake ni karatasi.

Rezini ninayoipendelea ni epoksi. Polyesta inapatikana kwa bei nafuu, lakini hujikunja inapokauka na haishiki mbao vizuri kama epoksi. Pembe zote za ndani zijazwe na kuviringishwa, halafu zilazwe kitambaa cha nyuzi za kioo, kisha mikono mitatu, yaani tabaka tatu, ya rezini, ukisugua kwa msasa iwapo mkono uliotangulia umekwisha kukauka. Tundu moja la ukubwa wa ncha ya sindano linatosha kuingiza maji ndani ya mbao. Vaa barakoa na glavu, fungua milango. Na chagua majira: Juni na Julai usiku wetu unaweza kushuka chini ya digrii 10, na epoksi kwenye baridi hiyo inabaki kunata. Septemba ndiyo mwezi wake, joto limerudi na mvua bado.

Kioo kiwe cha milimita 12. Kata dirisha katika ubao wa mbele, acha fremu ya sentimita 8 kila upande, na kioo kikae kwa ndani. Kwa ndani, nasema tena. Kikikaa kwa ndani, maji yanakisukuma kikandamize fremu. Kikikaa kwa nje, maji yanakibandua, na silikoni, gundi ya mpira ya kuzibia, peke yake ndiyo inayopigana. Laza tangi kifudifudi, paka silikoni kwa wingi, shusha kioo polepole, usikikandamize mpaka silikoni yote ikimbie. Silikoni iwe ile yenye harufu ya siki na isiyo na dawa ya kuua ukungu, maana dawa hiyo inaua na samaki. Iache wiki nzima.

Chini, jenga misingi ya matofali ya kuchoma, juu yake boriti zilizonyooka. Acha nafasi ya kuingiza mkono na tochi, kwa ajili ya kuona tone la maji na kwa ajili ya mchwa. Katika nchi hii ya vichuguu, plaiwudi iliyogusa sakafu imeshatolewa sadaka.

Jaza maji robo, subiri siku moja, jaza nusu, subiri, endelea hivyo. Vuta uzi mbele ya ukingo wa juu na upime unavyopinda. Likivuja, toa maji yote na ukaushe kabisa kabla ya kuziba. Silikoni haishiki mahali penye unyevu.

Nirudi kwenye shaba, kwa sababu sisi ni watu wa Lubumbashi. Tanuri la kuyeyusha shaba lilianza kazi hapa mwaka 1911, na mlima mweusi wa mabaki yake tunauona kila siku. Kuna atakayeona mchanga ule mweusi na kusema utapendeza ndani ya tangi. Kuna atakayetaka kuweka malakiti, jiwe letu zuri la kijani linalochongwa na kuuzwa mjini. Nawaomba msifanye hivyo. Malakiti ni shaba, na maji yakipata asidi kidogo kutokana na pumzi ya samaki na uchafu wao, shaba inaanza kuyeyuka. Inashambulia matamvua, samaki anakosa pumzi katikati ya maji yenye hewa. Maji yakiwa laini, yaani yenye chokaa kidogo, sumu inakuwa kali zaidi. Mchanga usitoke kwenye mto unaopokea maji ya migodi, wala mahali inapoota ile mimea ya maua ya zambarau, *Haumaniastrum katangense*, ambayo watafuta madini waliifuata kama alama ya shaba. Mchanga wowote ule, uweke kwanza kwenye ndoo yenye maji na konokono hai. Konokono hufa kwa shaba mapema kuliko samaki. Wakifa, tupa mchanga huo.

Maji ya bomba yana klorini, dawa ya kuua vijidudu inayodhuru samaki pia. Yaache yakipigwa hewa siku moja au mbili. Chujio linaweza kuwa pipa lenye sponji, lakini linahitaji wiki nne hadi sita kabla bakteria hawajatosha kugeuza amonia, uchafu wenye sumu wa samaki, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati isiyo kali. Anayeingiza samaki wote siku ya kwanza anawaingiza kwenye mkojo wao wenyewe. Umeme ukikatika, bakteria hao nao wanakosa oksijeni, hivyo weka pampu ndogo ya hewa yenye betri, na weka samaki wachache kuliko unavyotamani. Kwa baridi ya Julai, plaiwudi inatusaidia: kwa unene ule ule, kioo kinapitisha joto kama mara 7 zaidi yake.

Samaki wa kuanza naye ni *Pseudocrenilabrus philander*. Ni wa maji yetu ya Katanga, hupita sentimita 10 kwa nadra, na jike huatamia mayai mdomoni. Tilapia *Oreochromis macrochir* anaweza kufika sentimita 40. Mmoja au wawili wanatosha kujaza tangi hili. Na samaki wa tangi asimwagwe kamwe kwenye Kafubu wala mto mwingine wowote, hata ukichoka naye. Mpe jirani.

Juu ya meza ile kuna vipande vitatu vya plaiwudi: kimoja kimechemshwa kikaachana, kimoja kimechemshwa kikasimama, na kimoja kimepakwa epoksi. Vishikeni, jaribuni kuvivunja, halafu tuanze maswali.