Jicho la Mpigapicha wa Vita na Gharama Yake

Mabibi na mabwana,

Zinapotajwa hatari za kazi ya mpigapicha wa vita, wengi wetu hufikiria kwanza kifo, wala hatukosei. Mpigapicha Gerda Taro alifariki Julai 1937 kwa majeraha aliyoyapata katika mapigano ya Brunete, Hispania, akiwa na umri wa miaka 26. Mwenzake, Robert Capa, alikanyaga bomu la kutegwa ardhini huko Vietnam mnamo Mei 1954. Na mwaka 1971 helikopta moja iliyodunguliwa nchini Laos iliwaua wapigapicha wanne kwa mkupuo, akiwamo Larry Burrows. Sababu yake imo ndani ya kazi yenyewe. Mwandishi anaweza kufika mapigano yakiwa yamekwisha, akasimuliwa na walioona na bado akaandika habari nzuri, ilhali mpigapicha aliyechelewa dakika tano hana cha kumpelekea mhariri. Hata hivyo, leo ningependa tuwatazame zaidi wale waliorudi salama, kwa maana naamini kwamba dhara kubwa la kazi hii linatokana na namna jicho linavyozoezwa kutazama.

Sijui mfano ulio wazi kuliko wa Mwingereza George Rodger. Aprili 1945 aliingia katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Bergen-Belsen, Ujerumani, muda mfupi baada ya majeshi ya Uingereza kuikomboa, na kukuta maelfu ya maiti zimetapakaa ardhini bila kuzikwa. Akiwa anazunguka na kamera yake, alishtuka kujiona anazipanga maiti zile ndani ya fremu, akizitafutia pembe na mpangilio wa kupendeza, kama mtu anayepiga picha ya mandhari. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba hapo ndipo alipoamua kutopiga tena picha za vita, na miaka michache baadaye alikuwa katika milima ya Wanuba nchini Sudan, akipiga picha za watu katika maisha yao ya amani.

Rodger hakufanya kosa lolote, na hapo ndipo ugumu ulipo. Picha isiyopangwa vizuri haitazamwi, na isipotazamwa ushahidi unapotea. Tena, kupima mwanga, kukadiria umbali na kungoja nukta inayofaa ni shughuli inayokijaza kichwa kiasi kwamba hofu na kilio havipati nafasi. Kwa muda ule, kamera humkinga aliyeishika. Kinga hiyo huisha jioni, anapoketi kuchagua picha, kuzikata na kuziandikia maelezo, akiutazama mara nyingi, kwa utulivu, uso ambao mchana aliuona kwa sekunde moja tu.

Lee Miller, Mmarekani aliyepiga picha katika kambi nyingine za mateso, Buchenwald na Dachau, mwaka huohuo wa 1945, aliandamwa na sonona na ulevi kwa miaka mingi baada ya vita. Picha zake alizificha darini, zikaja kugunduliwa na familia yake baada ya kifo chake mwaka 1977.

Wapo pia wanaoumizwa na sisi watazamaji. Machi 1993, Kevin Carter wa Afrika Kusini alipiga picha huko Ayod, Sudan, ya mtoto aliyelegea kwa njaa huku tumbusi ametua nyuma yake. Wasomaji walitaka kujua kwa nini hakumsaidia, swali ambalo ni rahisi kuliuliza ukiwa umeketi sebuleni. Picha hiyo ilimpatia Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari ya Marekani, Aprili 1994, na mwezi huohuo rafiki yake na mpigapicha mwenzake, Ken Oosterbroek, akauawa kwa risasi huko Thokoza, Afrika Kusini. Julai, Carter alijitoa uhai. Alikuwa na matatizo mengine pia, kwa hiyo wanaosema aliuawa na picha ile wanarahisisha mno.

Mwaka 2002, daktari wa magonjwa ya akili Anthony Feinstein na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanahabari 140 wa vita. Asilimia 28.6 yao walikuwa wamewahi kupata kiwewe cha baada ya matukio ya kutisha, lakini hawakuwa wametibiwa zaidi ya wenzao ambao hawakuwahi kwenda vitani.

Mpigapicha Tim Hetherington alipofariki kwa kuvuja damu huko Misrata, Libya, Aprili 2011, rafiki yake, mwandishi Sebastian Junger, alianzisha mafunzo ya huduma ya kwanza kwa wanahabari wa kujitegemea, maana alijifunza kwamba damu ile huenda ingeweza kuzuiwa. Kwa majeraha ya akili napendekeza hatua iliyo kavu zaidi: gharama za tiba yake ziandikwe katika mkataba, pamoja na helmeti na fulana ya kuzuia risasi, kabla mpigapicha hajaondoka, kwa kuwa akisharudi, mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kusema kwamba hana tatizo lolote.