Vidonge vya Rangi za Mimea na Kumbukumbu za Wazee Wetu

Assalamu alaykum, mama zangu na ndugu zangu wa Lamu. Nimeombwa nizungumzie vidonge vya luteini, maana wengi wenu mnaletewa na watoto walioko ng'ambo, mkiambiwa vinarudisha kumbukumbu.

Luteini ni rangi ya manjano. Imo tele kwenye mchicha, ila ukijani wa jani umeifunika. Kwenye kiini cha yai inajionyesha. Mwili hauwezi kuitengeneza. Tukiila, nyingine hujikusanya nyuma ya jicho, nyingine huingia ubongoni. Hapo ndipo matumaini yalipozaliwa, kwani wenye luteini nyingi mwilini mara nyingi hufanya vyema wakipimwa kumbukumbu. Lakini mtu huyo huenda anakula mboga kila siku, anatembea, amesoma. Tutajuaje kilichomsaidia?

Njia ya kujua ni kuwagawa watu kwa kura, hawa wapewe kidonge na hawa wasipewe. Marekani walifanya hivyo katika utafiti uitwao AREDS2: wazee wenye maradhi ya macho, baadhi wakapewa kila siku miligramu 10 za luteini na 2 za zeazantini, rangi ya manjano iliyo nduguye luteini, wakafuatiliwa kama miaka 5. Majibu ya upande wa kumbukumbu yakachapishwa 2015. Hapakuwa na tofauti ya maana. Kwa macho, daktari anaweza kukuandikia. Hilo ni jambo lingine.

Kinachonitia hofu hasa ni beta-karotini, rangi ya karoti na boga. Finland waliwapa wanaume wavuta sigara miligramu 20 kwa siku, na matokeo ya 1994 yakaonyesha saratani ya mapafu imezidi kwa asilimia 18. Boga kuleni. Kidonge chake, baba zangu mnaovuta, nawasihi msikiguse.

Tena rangi hizi zataka mafuta ndipo zifyonzwe. Mchicha wa maji matupu hupita tumboni na luteini yake nyingi. Mama anayeukatakata mwembamba, akaupika kwa tui jepesi na kumalizia kwa tui zito, amefanya kile kile ambacho kiwanda hukitafuta kinapotia mafuta ndani ya kidonge.

Na mzee akianza kupotea njia ya msikiti anaouswalia miaka yote, msimpe kidonge mkakaa kusubiri. Mpelekeni akapimwe presha, sukari, tezi ya shingo na vitamini B12. Upungufu wa B12 huleta usahaulifu, tezi inayofanya kazi kwa uvivu vilevile, na yote mawili yana dawa.