Kongowea na Maimuna

Assalaam alaykum. Wazee wangu, walimu, na nyinyi vijana mliokaa huku mbele, ahsanteni kwa kunialika. Mmeniuliza: kati ya vitabu viwili vya riwaya, Siku Njema na Utengano, nakipenda kipi zaidi? Nitajibu, ila niacheni nianze na Siku Njema, maana ndicho kilichonitia uraibu wa kusoma.

Ken Walibora alikitoa mwaka 1996. Shujaa wake anaitwa Kongowea Mswahili. Sisi wa Mombasa tukisikia Kongowea, akili inakwenda sokoni, kwenye magunia ya vitunguu na mikokoteni. Na washairi wa zamani waliuita mji wetu huu kwa jina hilo hilo. Lakini mvulana mwenyewe ni wa Tanga. Mamake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, alifariki akamwacha angali mdogo. Akaonja mateso mikononi mwa jamaa, kisha akafunga safari kuja Kenya kumtafuta babake. Nilikisoma usiku mmoja, nikalia. Na kuna jambo jingine: kijana yule anathaminiwa kwa Kiswahili chake. Kwa mtoto aliyezoea kuambiwa kuwa Kiswahili si somo la wenye akili, hiyo ni dawa.

Utengano kiliandikwa na Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, kikatoka mwaka 1980. Hiki hakibembelezi mtu. Bwana Maksuudi anaheshimika nje. Ndani ya nyumba yake ni simba. Bintiye Maimuna hufungiwa asiuone ulimwengu, na mlango huo huo ndio unaomponza. Anapotoroka hajui mtu wala njia, hajui hata nani wa kumwogopa. Anaishia kwenye ulevi na kuuza mwili. Babake naye, huko anakojificha na starehe zake, anakuja kukutana uso kwa uso na mwanawe Mussa, kwa mwanamke mmoja, Kazija. Someni sehemu hiyo polepole.

Mimi nachagua Utengano.

Kongowea ni rahisi kumpenda, kwa kuwa anaonewa naye ni mwema. Maimuna anakosea, tena anakosea sana, na mwandishi bado hatupi ruhusa ya kumtupa. Kila ukitaka kumlaumu, unakumbuka ni nani aliyeufunga mlango. Mimi sijaona kitabu kinachomfanyia msichana uadilifu mkubwa kuliko huo.

Nitawaambia kwa nini kilinigusa hivyo. Mtaani kwetu, nilipokuwa mdogo, palikuwa na binti aliyetoroka kwao. Toka siku ile jina lake halikutajwa tena, si harusini, si matangani. Na mimi nilikuwa nikipita chini ya dirisha lao nikimwona mbaya, kama nilivyofunzwa. Nilipomaliza Utengano nilimwendea mamangu jikoni, nikamwuliza: yule alikuwa akikimbia nini? Mama aliendelea kukuna nazi kwa muda. Kisha akalitaja jina la yule dada, kwa mara ya kwanza mbele yangu, akanisimulia.

Basi, najua humu ndani wapo wa Siku Njema, na wengine nawaona wamekwisha kunyanyua mikono. Anza wewe, mwanangu, hapo karibu na mlango. Nitetee Kongowea wako.