Mtoto wa Arobaini: Mhadhara kwa Walimu wa Michezo wa Shule za Kikatoliki, Nyanda za Juu Kusini

Tumsifu Yesu Kristo. Wa Iringa na Njombe, kamwene. Wa Rungwe, poleni na barabara; mvua ya kwenu haina adabu. Masista, mapadre, walimu, karibuni tukae.

Nianze na picha ambayo kila mmoja hapa ameiona. Saa 10:00 jioni, watoto sitini wamebaki shuleni. Mwalimu ana filimbi na mipira miwili, mmoja umepungua upepo. Anachagua timu mbili. Ishirini na wawili wanaingia uwanjani, thelathini na wanane wanakaa kwenye majani kushangilia, na baada ya dakika kumi wanaacha kushangilia na kuanza kurushiana mawe. Jioni taarifa inaandikwa: mazoezi yamefanyika, mahudhurio sitini.

Nataka tumfuate mtoto mmoja katika hao sitini. Tumwite mtoto wa arobaini. Hana kasi, hana njumu, hajawahi kuchaguliwa, na ada yake inalipwa sawasawa na ya mshambuliaji. Kila ninalosema leo linajibu swali moja: jioni ya leo, mtoto wa arobaini ameugusa mpira mara ngapi?

Tupige hesabu. Tuseme mpira unaguswa kila sekunde tatu. Dakika 40 ni sekunde 2,400, kwa hiyo miguso 800. Gawa kwa wachezaji 22, unapata 36 kwa kila mmoja. Hiyo ni kwenye makaratasi, maana mnajua wale watatu wenye vipaji wanachukua nusu yake. Beki wa kushoto akipata kumi amebahatika. Mtoto wa arobaini amepata sifuri. Sasa wapange wanne kwa wanne. Dakika kumi ni miguso 200, gawa kwa wanane, ni 25. Dakika 40, miguso mia. Hata kama ni mzito, mpira utamkuta tu, maana hakuna pa kujificha.

Nafasi tunayo. Uwanja wa mita 100 kwa 64, ukate katikati. Kwenye nusu moja, pima viwanja vinne vya mita 25 kwa 20, ukiacha njia ya mita kumi katikati yao ili mipira isiingiliane. Hao ni watoto 32. Nusu ya pili inameza viwanja viwili kamili vya netiboli, kila kimoja mita 30.5 kwa 15.25, timu nne za watu saba: watoto 28. Thelathini na mbili na ishirini na nane ni sitini. Hakuna aliyekaa. Na siku inayofuata wabadilishane nusu, wavulana wadake netiboli na wasichana wapige soka. Mkono unaojua kudaka haumharibii mvulana kitu.

Kuchora mistari kila wiki kwa chokaa ni gharama, na chokaa ambayo haijazimwa inaunguza macho mtoto akianguka juu yake. Wenzetu wa Mafinga wamezungukwa na viwanda vya mbao vya msitu wa Sao Hill. Unga wa mbao wanaupata kwa gunia, na juu ya udongo mwekundu unaonekana vizuri kuliko chokaa. Upepo ukiwa mkali unyunyizie maji kwanza. Kona za viwanja vidogo hazihitaji koni za dukani. Chupa za maji za lita moja na nusu, zilizojazwa mchanga theluthi moja, zinatosha, na mtoto akiikanyaga hateguki. Mawe na matofali yasikaribie uwanja.

Mipira. Kipimo changu ni mpira mmoja kwa watoto wanne, kwa hiyo sitini wanahitaji kumi na mitano: minane ya soka, saba ya netiboli. Kwa walio chini ya miaka kumi na miwili nunua soka namba 4. Namba 5 ni gozi la wakubwa, lina gramu 410 hadi 450, na mtoto wa darasa la nne akiupiga kichwa mara mbili hataki tena mpira maisha yake yote. Fedha zikipungua, chandimu ya makaratasi na kamba bado ni mwalimu mzuri wa kupiga danadana.

Kuna jambo la upepo ambalo linatusumbua sisi wa milimani bila kujua. Mpira uliojazwa Dar es Salaam kwa paundi 9 ukifika Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari, pampu yenye saa ya kupimia upepo itasoma karibu paundi 11 na nusu. Hakuna aliyeongeza upepo. Hewa ya nje huku ni nyepesi, haiusukumi mpira kwa nguvu ileile. Ndiyo maana mipira mipya inakuja migumu kama nazi, na huku hewa nyepesi hiyohiyo inaufanya uende mbali kuliko mpigaji alivyokusudia. Utoe upepo kidogo. Kisha baridi ya Juni inaupunguza tena, kwa hiyo pima jioni pale uwanjani, usipime mchana ofisini. Na sindano ya pampu ilowanishwe kabla ya kuingizwa. Sindano kavu inachana vali, na mipira mingi iliyolala stoo inakufa hivyo, haifi kwa kuchezwa.

Sasa nije kwenye nguzo za netiboli, maana hapa kuna kosa linalojirudia shule kwa shule. Pete inatakiwa iwe mita 3.05 kutoka ardhini. Nguzo inazikwa sentimita 60. Jumla mita 3.65. Bomba la chuma linauzwa mita 6. Mnaona kinachotokea? Shule inanunua bomba moja kwa nguzo mbili, fundi wa kuchomelea analikata katikati, anapata vipande viwili vya mita 3, anazika sentimita 60, na nguzo inabaki na mita 2.4 juu. Hakuna anayepima. Wasichana wanafunga magoli mwaka mzima, shule inajivunia mfungaji wake. Juni wanakwenda UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, pete iko zaidi ya nusu mita juu ya ile waliyoizoea, na mfungaji anarusha mpira unapita chini ya pete. Mwalimu anamwambia ameogopa watu. Hakuogopa. Mkono wake umefundishwa urefu mwingine.

Kwa hiyo nunua mabomba mawili. Pete yenyewe ina kipenyo cha ndani cha milimita 380. Kwa nondo ya milimita 16 kata kipande cha mita 1.24, kikunje, kisha kishikizwe sentimita 15 mbele ya nguzo. Fundi apewe vipimo kwa maandishi, na asilipwe kabla hamjapima kwa futi. Zile nguzo fupi msizitupe. Mita 2.4 ni urefu mzuri kwa darasa la tatu na la nne. Wekeni mahali pao.

Magoli ya soka ya kuhamisha ni hatari kuliko yanavyoonekana. Watoto hubembea kwenye mtambaapanya, goli linaanguka mbele, na mtoto yuko chini. Goli ambalo halijachimbiwa lifungwe kwa vigingi nyuma au magunia ya mchanga, na baada ya mazoezi lilazwe kifudifudi.

Ratiba ipangwe kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Juni hapa Mbeya jua linazama kama saa 12:35 jioni. Mtoto wa kutwa anayeishi kilomita nne anahitaji saa nzima kwa miguu, na hatutaki apite kwenye mashamba ya mahindi gizani. Kwa hiyo filimbi ya mwisho ni saa 11:15. Rudi nyuma dakika 75, unaanza saa 10:00 kamili. Ukichelewa kuanza, usiongeze mwisho. Punguza mazoezi ya ufundi, usiguse mechi ndogo, kwa sababu hizo ndizo zinazomleta mtoto kesho.

Kabla ya hapo wamekula saa saba. Uji wa ulezi, mililita 300 kwa mtoto, ni lita 18, kwa hiyo kilo mbili za unga zinatosha sitini. Wanywe saa 9:30, wasinywe saa 10:00, la sivyo utauona uji tena pembeni mwa uwanja. Maji ya kunywa ni ndoo mbili za lita 20, zenye mifuniko na vikombe vya kutosha. Baridi isitudanganye: mtoto wa Makete anatoka jasho kama wa Kyela kwenye joto, ila halioni. Tena jasho likipoa mwilini mwezi wa saba anatetemeka njia nzima, kwa hiyo sweta ikae pembeni mwa goli, ivaliwe mara filimbi ikilia.

Kalenda ya Kanisa nayo ina sauti. Ijumaa za Kwaresima kuna Njia ya Msalaba, na Kwaresima yetu inaangukia katikati ya mvua. Usishindane na mambo hayo mawili kwa pamoja. Kama una mazoezi ya Ijumaa, hizo zifute kwenye ratiba tangu Januari. Kaa na Baba Paroko uone siku za mafundisho ya kipaimara na za kwaya, maana mtoto anayekosa kwaya kwa ajili ya mpira atagombezwa kanisani, na anayekosa mpira kwa ajili ya kwaya atagombezwa na wewe, na wote mmemkosea. Katika shule zetu wamo watoto Wamoravian, Walutheri na Waislamu. Sala ya kufungua iwe fupi, dakika moja. Mtoto anayefunga Ramadhani mpe filimbi au daftari la magoli; asikimbizwe, na asirudishwe nyumbani kana kwamba amekosa.

Watu wazima. Desemba 1841 padre kijana, Yohane Bosco, alianza kuwakusanya vijana wa mitaani pale Torino, Italia, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya uwanjani, katikati ya michezo. Aliamini mlezi akiwa palepale na watoto, akicheza nao, makosa mengi hayazaliwi. Wanawe Wasalesiani, watawa wa shirika aliloanzisha, mnao Iringa na Mafinga, kawaoneni. Ukiichukua rai hiyo kwa uzito, mwalimu anayekaa kwenye kiti chini ya mkaratusi na simu mkononi hajafika mazoezini.

Watoto sitini wanahitaji watu wazima wanne, na wasipungue wawili hata siku ya mvua. Vijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, wa parokia wanafaa sana kusaidia, lakini kila mmoja aje na barua ya paroko na ya serikali ya mtaa, na mkuu wa shule azungumze naye kabla hajakabidhiwa mtoto. Mtu mzima mmoja asibaki na mtoto mmoja stoo, kwenye gari wala chumba cha kubadilishia. Wasichana wawe na mwalimu wa kike, na matroni aweke taulo za kike kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Wasichana wengi wanaoacha mazoezi darasa la sita hawakuchoka mpira. Meseji za mazoezi ziende kwa mzazi, zisiende kwa mtoto.

Na adhabu. Kukimbia mizunguko kumi kwa sababu ya kuchelewa kunamfundisha mtoto kwamba kukimbia ni viboko kwa njia nyingine, halafu tunashangaa hatuna wakimbiaji. Aliyechelewa akusanye chupa mwishoni. Inatosha.

Majeraha nitapita haraka, ila kifundo cha mguu nisimame kidogo. Mtoto akiteguka, mkono wetu wa kwanza unakimbilia kukanda kwa maji ya moto, na kuna mzee wa jirani anayejua kuvuta. Siku mbili za mwanzo maji ya moto yanaongeza uvimbe. Tunachohitaji ni baridi, na baridi hapa ni bure: kitambaa kilicholowa maji ya bomba, dakika 15 hadi 20, kirudiwe kila baada ya saa mbili, mguu umeinuliwa. Asipoweza kukanyaga hatua nne, apelekwe kupigwa picha ya mifupa. Aliyegongwa kichwa akaonekana kuduwaa, kutapika au kuuliza jambo lilelile mara mbili, harudi uwanjani siku hiyo hata kama ni fainali na askofu amekaa jukwaani.

Radi: ukiona umeme, hesabu. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, wote ndani ya darasa. Chini ya mti hapana, karibu na nguzo za chuma hapana. Mnasubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kati ya Novemba na Aprili hilo litakula jioni nyingi, kwa hiyo uwe na kazi ya darasani tayari: sheria za mchezo, kushona mipira, kujifunza kuandika daftari la mechi.

Mtaniuliza: na ushindi? Timu ya shule iwe na siku yake, Alhamisi. Jumatatu na Jumatano ni za wote, na mfungaji bora acheze na mtoto wa arobaini. Mamluki sitawazungumzia sana. Shule inayoimba Baba Yetu asubuhi na jioni ikamwingiza uwanjani kijana aliyemaliza darasa la saba mwaka juzi kwa jina la mwingine, imewafundisha watoto wote sitini somo ambalo wanalikumbuka kuliko katekisimu.

Nyuma ya ukumbi huu kuna nguzo mbili za netiboli. Aliye na futi ya utepe aje nayo, tukapime kabla ya chai.