Nyota Mlangoni: Waimbaji wa Tokeo la Bwana katika Vijiji vya Alpi

Ndugu wasikilizaji,

Nimeombwa nizungumzie desturi ya waimbaji wa nyota, yaani watu wanaowaigiza mamajusi na kuimba nyumba hadi nyumba wakiwa na nyota, ambayo kila mwaka, Sherehe ya Tokeo la Bwana inapokaribia, huwatoa watu wa vijiji vya Alpi majumbani mwao na kuwapeleka kwenye milango ya jirani zao. Desturi hii ipo Austria, Bavaria, Uswisi, Tyrol ya Kusini iliyo upande wa Italia, na Slovenia. Leo nitakaa zaidi katika kijiji kimoja, Heiligenblut, kilichoko jimbo la Kärnten nchini Austria, kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi, chini ya Großglockner, mlima mrefu kuliko yote ya nchi hiyo, wenye mita 3,798. Hoja yangu ni kwamba desturi hii imedumu kwa sababu kiini chake ni ziara: wimbo huimbiwa nyumba fulani, yenye watu wanaojulikana, na kila mara desturi ilipogeuzwa, kilichogeuka ni mahali kinapokwenda kile kinachotolewa, wala si ile hatua ya kusimama mlangoni na kuimba.

Injili ya Mathayo inasema tu kwamba mamajusi walitoka mashariki wakifuata nyota, wakatoa dhahabu, uvumba na manemane. Haisemi walikuwa wangapi, wala haiwaiti wafalme. Idadi ya watu watatu ilitokana na zawadi tatu, na majina ya Kaspar, Melchior na Balthasar yalikuja baadaye. Kilichowafanya wapendwe mno upande huu wa Ulaya ni tukio la mwaka 1164, pale Rainald von Dassel, askofu mkuu wa Köln, alipoyachukua masalia yanayosemekana kuwa yao kutoka Milano na kuyavusha Alpi hadi mjini kwake. Tangu hapo Köln ikawa mji wa hija, na wafalme watatu wakawa wasimamizi wa wasafiri. Ndiyo maana hadi leo nyumba nyingi za wageni katika nchi zinazosema Kijerumani zina majina ya nyota, ya taji au ya wafalme hao.

Kutoka katika michezo ya kanisani ya Zama za Kati, mamajusi walitoka nje na kuingia barabarani, na kufikia karne ya 16 tunawakuta wakitembea na nyota nyumba hadi nyumba. Tusidhani kwamba waliokuwa wakiimba walisukumwa na ibada peke yake. Wengi walikuwa wanafunzi maskini, vijana waliokuwa wakijifunza ufundi, na watu ambao majira ya baridi yaliwakatia kazi, kama mabaharia wa mto Salzach waliosafirisha chumvi na kukosa mapato wakati usafiri wa mtoni uliposimama. Walipewa mkate, matunda makavu, kipande cha nyama au sarafu chache, na wenye nyumba walipata baraka ya mwaka mpya. Watawala hawakufurahi siku zote. Palitolewa marufuku dhidi ya desturi hizi, kwa hoja kwamba ni njia ya kuombaomba iliyovikwa kanzu ya dini. Nakiri kwamba watawala hao hawakukosea kabisa, kwani ilikuwa kweli ni njia ya kuomba. Walichoshindwa kuona ni kwamba mwenye kuomba kwa wimbo hakuondoka na deni, kwa kuwa naye alikuwa ameleta kitu.

Sasa tuingie Heiligenblut. Usiku wa Januari 5 kuamkia Januari 6, wanaume wazima wa kijiji hujigawa katika makundi, kila moja likiwa na upande wake wa bonde, na kila moja likibeba nyota kubwa yenye taa ndani, likisindikizwa na wapiga ala. Huanza safari jioni, wakati ambapo katika majira hayo giza limekwisha kutanda, na hutembea usiku kucha kutoka nyumba hadi nyumba, zikiwemo nyumba za wakulima zilizotawanyika juu ya miteremko. Wanapofika huimba wimbo wa kuingia, uliorithiwa kizazi kwa kizazi, hukaribishwa ndani na kupewa chakula na kinywaji, kisha huaga kwa kuimba tena. Asubuhi makundi hukutana katika kanisa la Mtakatifu Vinsenti, lenye mnara mwembamba unaoonekana katika karibu kila picha ya mlima ule.

Hapa ningependa tusimame kidogo, kwa sababu mtu anayeijua desturi hii kwa kuwatazama watoto wenye mataji ya karatasi mjini hawezi kuona uzito wake. Kanisa hilohilo linatunza chupa inayosemekana kuwa na damu takatifu, na hekaya ya mahali hapo inasimulia kwamba Briccius, msafiri aliyeileta kutoka Konstantinopoli mwaka 914, alifunikwa na maporomoko ya theluji, na mahali alipolala pakaota masuke matatu ya ngano. Ukweli wa hekaya si shauri langu leo. Ninachosema ni kwamba watu waliolihifadhi simulizi hilo wanajua theluji inaweza kufanya nini. Kwa shamba lililo juu, mbali na njia kuu, kufikiwa na jirani katikati ya Januari ni jambo la maana, na kundi linalopanda hadi nyumba ya mwisho linakuwa limekagua, pasipo kusema hivyo, kama kila mtu yuko salama. Pia si rahisi kuimba beti nyingi kwa sauti zinazopatana baada ya saa nyingi za kutembea katika baridi na baada ya kukaribishwa vinywaji katika nyumba nyingi. Kijana hujifunza beti hizo kwa kutembea na waliomtangulia. Mwaka 2010 desturi ya Heiligenblut iliingizwa katika orodha ya taifa ya Austria ya urithi usioshikika, chini ya mkataba wa UNESCO, na sidhani kuna anayeweza kusema haikustahili.

Kwingineko katika Alpi desturi iko mikononi mwa watoto. Huvaa kanzu na mataji, mmoja hubeba nyota juu ya fimbo, mwingine kopo la fedha, na mara nyingine chetezo chenye ubani. Wakishaimba huandika kwa chaki iliyobarikiwa juu ya mlango. Mwaka 2025, kwa mfano, waliandika 20*C+M+B+25, ambapo tarakimu za pembeni ni za mwaka, na herufi za katikati ni za maneno ya Kilatini yanayomwomba Kristo aibariki nyumba hii, ingawa wengi huzisoma kama majina ya wafalme watatu. Ubani nao una historia yake kijijini: katika siku kumi na mbili kati ya Noeli na Tokeo la Bwana, wakulima walizoea kuzunguka na makaa na ubani katika vyumba na katika zizi la ng'ombe, kwa kuwa siku hizo zilihesabiwa kuwa za hatari.

Mabadiliko makubwa ya karne iliyopita yanatuhusu sisi moja kwa moja. Katika msimu wa 1954 na 1955, chama cha watoto Wakatoliki wa Austria kiliwatuma waimbaji wakusanye fedha za kumnunulia pikipiki mmisionari aliyekuwa Uganda. Kutokana na pikipiki hiyo ilizaliwa kampeni ambayo leo huwatoa nje takriban watoto 85,000 nchini Austria kila mwaka. Ujerumani ilianza kampeni yake mwaka 1959, kupitia tawi lake la Utoto Mtakatifu lililoko Aachen, yaani shirika lilelile la kipapa ambalo watoto wa parokia zetu hulijua kwa nyimbo na sare zao. Tangu hapo zimekusanywa zaidi ya euro bilioni 1. Mwaka 2025 kampeni hiyo ilizungumzia haki za watoto, na moja ya nchi zilizotolewa mfano ilikuwa Kenya, kwa habari za Turkana. Hivyo mkate uliokuwa ukiingia katika mfuko wa mwimbaji ukawa sarafu inayovuka bahari.

Siwezi kuacha suala la masizi, yaani kumpaka mwimbaji mmoja uso rangi nyeusi. Wachoraji wa mwishoni mwa Zama za Kati waliwafanya wafalme watatu wawakilishe mabara matatu yaliyojulikana, na mmoja akachorwa kuwa Mwafrika. Kutoka hapo ikawa kawaida mtoto mmoja kupakwa uso rangi nyeusi. Nia ya picha ile ya kale ilikuwa kusema kwamba ulimwengu wote ulifika Bethlehemu, na ninaiheshimu. Hata hivyo, waandaaji wa kampeni nchini Ujerumani sasa wanashauri watoto wasipakwe, kwa sababu rangi ya ngozi haitambulishi tena mtu anatoka wapi, na mimi naungana nao. Katika parokia za leo za Austria na Ujerumani wamo watoto wenye asili ya Kongo au Nigeria, na mtoto kama huyo anaweza kuvaa taji lolote kati ya yale matatu.

Kinachotishia desturi kwa sasa ni mambo ya kawaida zaidi. Watoto wamepungua, na parokia nyingi huwatembelea tu wale waliojiandikisha. Mwaka 2021, wakati wa korona, waimbaji wa Ujerumani hawakuweza kubisha hodi, na baraka zikapelekwa kwa vibandiko vilivyotiwa katika visanduku vya barua. Fedha zilipatikana, lakini wimbo haukusikika mlangoni. Katika vijiji vya milimani kuna tatizo jingine: nyumba nyingi zimenunuliwa na watu wa mijini wanaokuja kuteleza kwenye theluji kwa wiki chache, na taa zake huwa zimezimwa usiku ule. Makundi yanayobeba nyota juu ya miteremko hulazimika kuamua kama yazipite nyumba hizo au yasimame na kuimba mbele ya mlango uliofungwa.